Mzega Wenye Bangili ya Kijani

Deoghar, Jumatatu ya kwanza ya Sawan

Dada Dhaneshri,

Nagusa miguu yako kutoka huku mbali, nawe nibariki bila kuinama, maana kiuno chako nakijua. Sisi hatujambo. Mvua imetushika tangu juzi, na paa linavuja palepale linapovuja kila mwezi wa Sawan, hata ndoo haiulizi tena ikae wapi. Mjukuu wangu Munia ni mzima. Ile homa iliyotaka kutunyang'anya mtoto wakati wa baridi haijarudi. Anakula, anakimbia, anamjibu bibi yake ovyo.

Ndiyo sababu naandika. Siku ile daktari aliponyanyua mikono, nilimwekea Baba Shiva nadhiri: Munia akipona, Sawan hii nitateka maji ya mto Ganga huko kwako Sultanganj, niyabebe kwa mzega, kwa miguu yangu, nije kuyamwaga hekaluni kwake hapa Deoghar. Mtoto amepona, zamu ni yangu. Tatizo ni daktari yuleyule. Ameusikiliza moyo wangu kwa mpira wake, akasema nisipande hata ngazi. Tena amenikataza peda, vitamu vyangu vya maziwa! Mimi, ambaye nakoroga maziwa ya peda tangu nina meno ya utoto! Si bora angeikataza Ganga maji?

Nichagulie mzega mwepesi. Wifi yako asijue.

Mdogo wako,
Harkishun

Sultanganj, Ijumaa

Mdogo wangu,

Uishi miaka mingi, ingawa naona mwenyewe hutaki. Mimi mzima, kiuno hakijambo, mto umejaa hadi ngazi za juu. Barua hii inaletwa na Bam mmoja mwenye kitambi. Ukiipata imelowa, usiilaumu mvua. Si unajua Sawan hatuna majina. Kila hujaji aliyevaa rangi ya chungwa ni Bam, hakimu Bam, mwizi Bam.

Mzega mwepesi haupo. Mwanzi ni mwanzi, na maji ni maji. Maisha yangu yote nimeuza mizega, nimewafungia watu vitungi huku na huku, nikawaambia, "Nenda, Baba atakubeba," kisha nikarudi kukaa kwenye kigoda changu. Mwenyewe sijatembea na mzega hata hadi kwa muuza maua. Watu wananicheka: mpishi asiyeonja.

Basi nimemuuliza kuhani wetu pale ngazini kama ndugu anaweza kubeba nadhiri ya nduguye. Akajikuna tumbo. "Mmezaliwa tumbo moja?" "Moja." "Basi na bega ni moja." Ila maji yakitekwa litajwe jina la anayeombewa na ukoo wake, na mzega usiguse ardhi mpaka hekaluni.

Kwa hiyo natembea mimi. Usibishe. Nilikubeba mgongoni ukiwa na makamasi, vitungi viwili vitanishinda?

Nitumie kitu cha Munia nikifunge kwenye mpiko, Baba amjue. Wifi nimemwandikia barua yake. Samahani, ingawa siombi samahani.

Dada yako,
Dhaneshri

Deoghar, Jumanne

Dada,

Nagusa miguu hiyo itakayoteseka kwa ajili yangu. Hatujambo, isipokuwa mimi, niliyesemwa na wifi yako tangu jogoo la kwanza. Ameficha viatu vyangu. Hajakumbuka kwamba safari yenyewe ni ya peku.

Munia ametoa bangili yake ya kijani, katika zile alizonunuliwa kwa ajili ya Sawan. Hakuitoa bure, ametaka ahadi kwamba itarudi, nami nimeahidi kwa niaba yako. Imo humu ndani ya kitambaa.

Milimani Suiya mawe yana meno, pita pembeni kwenye majani. Usile kitunguu. Usijipake mafuta wala kuchana nywele mpaka umemwaga maji. Hilo la nywele ndilo litakalokushinda.

Tunakungoja mlangoni.

Mdogo wako,
Harkishun

Sultanganj, Jumapili

Mdogo wangu,

Uishi miaka mingi, nami unisamehe. Nimefika kwa basi salama. Miguu ina malengelenge hata siwezi kusema ni nyayo au ni peda zako. Ningeyavumilia kwa furaha kama isingekuwa lile swali la Munia.

Bado naliona. Maji nimeshamwaga, wifi ananiosha miguu, wewe unacheka kama mtu aliyetolewa gerezani, na mtoto anauzunguka mzega: "Bangili yangu iko wapi?" Tukapekua. Bangili hamna. Kwenye mkunjo wa kitambaa tukatoa kichana cha masharubu. Mimi sina masharubu. Nikakuona unakaa chini taratibu, rangi imekutoka.

Nimefikiri njia nzima. Ni pale Kataria, katikati ya safari. Tulipumzika pale, mizega ikatundikwa kwenye viunzi maana chini haikai. Nikasinzia kidogo, nikaamka, nikachukua wangu. Nilidhani ni wangu. Harkishun, nusu ya mizega iliyoning'inia pale ilishonwa na mkono huu! Kitambaa kilekile, kengele zilezile, nyoka wa plastiki yuleyule. Miaka yote najisifu kwamba mizega ya Dhaneshri haipishani hata uzi. Haya, haipishani.

Kwa hiyo jina la Munia nimelitaja juu ya maji ya mtu mwingine, na maji ya Munia ameondoka nayo mwenye masharubu. Nimekosa. Lakini wewe ukae hapohapo ulipo. Unanisikia?

Dada yako,
Dhaneshri

Deoghar, Jumatano

Dada,

Nagusa miguu yako, uipake mafuta ya haradali. Sina kinyongo na wewe hata chembe.

Nimemuuliza kuhani wa hapa. Amesema maji yaliyotajiwa jina ni ya jina hilo, na kama aliyeyabeba aliyamwaga kwa haja zake, nadhiri yangu iko palepale. Jana Munia alipiga chafya. Moja tu, na wifi yako anasema ilikuwa pilipili iliyokaangwa, lakini mimi usingizi umenihama.

Ijumaa napanda basi la asubuhi nije kuteka maji mwenyewe, niiwahi Jumatatu ya mwisho. Nguo ya rangi ya chungwa nimeshanunua. Daktari sitamuaga, ataniharibia safari. Moyo ukikubali, tutaonana nikirudi. Ukikataa, masufuria ya maziwa ni ya mwanangu, na wewe usijilaumu. Barua nampa dereva wa basi la jioni ikufikie mbele yangu.

Mdogo wako,
Harkishun

Sultanganj, Alhamisi, kwa haraka

Usipande basi! Mtazame huyo aliyekupa barua hii. Yatazame masharubu yake.

Uishi miaka mingi, kwanza. Nilikuwa na barua yako mkononi, nalia, lori la mchanga likasimama mbele ya duka. Akashuka mtu kama lango la ngome, mzega begani.

"Mama, duka la Dhaneshri ndilo hili? Naona jina kwenye kitambaa."

"Ndilo. Na kilichouzwa hakirudishwi."

"Sirudishi. Nimefuata kichana changu."

Nikanyanyuka kigodani bila kukumbuka kiuno. "Bangili iko wapi?"

Akaitoa mfukoni. Nzima! Nikaikumbatia kama mtoto, kisha nikamgeukia: "Na wewe, hujaji gani anatembea na kichana?"

"Sikuchana, Mama. Nilikuwa nakishika tu."

Anaitwa Bisesar. Anasema aliiona bangili akiwa ameshaingia kwenye foleni ya hekaluni, na foleni ile hairudi nyuma, hata ungekuwa tembo. Basi akamwambia Baba kwa sauti mbele ya watu: "Maji haya ni ya mwenye bangili hii. Mimi ni punda wake tu." Akayamwaga. Umesikia, Harkishun? Maji ya Munia yamemwagwa kwa ajili ya Munia. Nimemkimbilia kuhani, naye amesema nadhiri imetimia, na kwamba punda mkweli anatosha. Kama hunisadiki, muulize wa kwenu tena.

Kilichobaki ni chake yeye. Mkewe alikwenda kwao Sawan iliyopita, kama wake wote waendavyo, ila huyu hakurudi. Haja yake ilikuwa hiyo. Akaniuliza, "Na maji yangu uliyamwaga kwa jina la nani?" Nikasema la mtoto wa miaka sita. Akayashika masharubu. "Basi mke wangu ndiye atakayepona homa."

Tumeteka upya kwa jina lake. Mzega umening'inia kwenye ndoano ndani ya lori, haugusi chini. Kutoka mlangoni kwako hadi hekaluni ni mwendo wa bibi kizee. Wewe mbebee kipande hicho. Yeye amekubebea cha kwako.

Dada yako

Deoghar, Jumatatu ya mwisho ya Sawan

Dada yangu,

Nagusa miguu yako mara mbili, moja yangu na moja ya Munia.

Nilikuwa na mguu mmoja nje ya kizingiti na wifi yako amening'inia kwenye mkono wangu, lori likatuzibia njia. Nikasoma barua nimesimama, kisha nimekaa, kisha wifi yako akaniomba aisome yeye maana mimi nilikuwa naona maji tu. Nimemuuliza kuhani. Amekubali, tena amekubali kabla sijampa peda.

Leo nimembebea Bisesar mzega wake, yeye nyuma yangu na mikono yake mikubwa tayari kunidaka. Na kwenye foleni, mbele yangu, nani? Daktari! Peku, nguo ya chungwa, vitungi begani. Tukatazamana.

"Bam," nikamsalimu.

"Bam," akajibu, akanishika mkono. Nikadhani ananibariki, kumbe anasikiliza mapigo. "Polepole," akasema, akageukia mbele.

Ndani mle maji ya watu wote yalitufika vifundoni, ya Bengal na ya Nepal, hakuna awezaye kusema yapi ni ya nani. Nikamwaga, nikataja jina la Bisesar, nikatoka mwepesi. Jioni hii nitalala kama gunia.

Munia amevaa bangili yake. Anasema inanuka masharubu.

Mdogo wako,
Harkishun

Sultanganj, siku chache kabla ya mwezi mpevu

Mdogo wangu,

Uishi miaka mingi, na safari hii naona umekubali. Humu mna uzi wako wa rakhi, ule ambao dada humfunga nduguye mkononi mwezi ukipevuka. Munia akufungie kwa niaba yangu, nawe umpe peda ambayo wewe hutaila.

Jana lori lilisimama tena. Mbele ameketi mwanamke mwenye bangili za kijani hadi viwikoni. Akashuka, akanitazama juu hadi chini. "Wewe ndiye uliyemwaga maji ya mume wangu?"

"Ndimi. Naona Baba amesikia."

"Baba amesikia, ndiyo. Mimi nimerudi kwa sababu amenyoa."

Nikachungulia kwenye usukani. Sikumjua! Uso kama chungu kilichooshwa. Nikatoa kichana kwenye droo, tulichokisahau siku ile kwa haraka, nimrudishie, mkewe akakitwaa, akachania nywele zake mwenyewe.

Halafu akataka mzega wa Sawan ijayo, usiofanana na mwingine wowote. Nimemfungia uzi wa rakhi mwekundu kwenye mpiko. Waliomfuata nao wakataka, wa manjano, wa zambarau, kila mtu wake. Basi mwaka huu nimewafunga uzi wanaume wengi kuliko dada yeyote wa Bihar.

Usione wivu. Uzi wao ni wa pamba. Wako ni wa hariri.

Dada yako,
Dhaneshri