Bibi wa Meli Anamwita Binti Yangu "Mwanangu"

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu zaidi ya nilivyokwisha kuharibu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, na ingawa shule niliishia darasa la saba, watoto wangu wote wamesoma, tena huyu kitinda mimba ndiye mwenye habari hii. Ni mhudumu kwenye meli ya kitalii, na tafadhali usifikirie yale majumba yanayoelea yenye watu elfu tatu, hapana, hii ni meli ndogo ya kifahari, abiria arobaini tu na wahudumu karibu idadi hiyohiyo, na kati ya wote hao binti yangu ndiye anayesifiwa, sisemi kwa sababu nimemzaa, hata nahodha anasema. Picha yake akiwa na sare nyeupe nimeibandika juu ya cherehani, mteja akija kupimwa kiuno lazima aione kwanza.

Sasa kampuni yao humpa mfanyakazi nafasi ya kumleta mzazi mmoja safari ya siku sita, na mwaka huu zamu ni ya mwanangu, akanipigia akasema, "Mama, fungasha." Mshauri, nililia, nikawatangazia wateja wote, hata ambao hawakuuliza. Wiki iliyofuata akanitumia fomu, maana kwenye meli ndogo kila mgeni hujaza kabla ya kupanda: unataka uitweje, unalalia mto mgumu au laini, kipi huli, chai yako iweje. Nikampigia, nikamwambia, "Fomu ya nini, kwani wewe hunijui?" Akasema, "Mama, haki ya Mungu sijui chai unayopenda. Si ulikuwa unakunywa iliyobaki?" Tukacheka. Halafu, bila hili wala lile, akasema safari hiyo atakuwepo bibi mmoja mjane anayepanda kila mwaka na kuomba meza ya binti yangu, na huyo hata fomu hahitaji, binti yangu anamjua tayari: tangawizi nyingi, sukari hapana, kikombe nusu, na shali mabegani upepo ukianza. "Na ananiita mwanangu," akasema, bado anacheka.

Mimi sikucheka. Mtoto niliyemuuguza surua nikiwa nimesimama, chai yangu ananiuliza, ya bibi wa watu anayo kichwani! Siku ile nilishona mashati matatu, yote mikono nikaipachika nje ndani. Sasa mwisho wa fomu palikuwa na swali, kuna jambo jingine tunalopaswa kujua?, nikaandika, tena kwa herufi kubwa: "Sitaki binti yangu amhudumie yule bibi mjane anayemwita mwanangu wakati mama yake mzazi nipo. Mpeni mhudumu mwingine." Nikatuma.

Kumbe fomu haiendi kwa mwanangu, inakwenda kwa mkuu wa wahudumu. Na kumbe wana sheria, mambo ya mgeni hayatoki nje ya meli, hata kwa mama. Jana nimepata ujumbe: "Mama, nimeitwa nijieleze mwisho wa mwezi, meli ikirudi bandarini. Wanasema nimetoa siri za mgeni. Naomba usiandike kitu kingine." Nikipiga, hapokei. Nikinyamaza watamfukuza, nikiandika amenikataza. Je, nijitoe kwenye safari? Na nikienda, nitamtazamaje yule bibi, na mtu kama mimi ategemee nini kwenye meli ya namna hiyo? Wivu bado ninao, sikufichi.

Mama wa Mhudumu

*

Mama wa Mhudumu,

Pole, lakini pole ya kwanza nampa binti yako. Umemchongea mtoto kazini kwake kwa kalamu yako mwenyewe, halafu unauliza habari za meli!

Mtumie leo ujumbe mmoja mfupi. Sema umekosa, sema ni wivu, na umwombe ruhusa ya kumwandikia mkuu wake. Akikataa, tii. Akikubali, eleza ukweli bila kuupamba: alizungumza na mama yake kwa kumpenda yule mgeni, hakumtangaza kwa mtu, na maneno ya kwenye fomu ni yako. Usimsifu binti, kazi yake wanaijua. Sema uko tayari kuiachia nafasi yako ya safari, waamue wao kama bado wanakutaka.

Kuhusu chai, mama, bibi huyo anajulikana kwa sababu alisema anachotaka. Wewe miaka yote umemeza ulichopenda ili watoto wapate. Ni upendo, nakubali, ila usimlaumu mtoto kwa kutojua ulichomficha. Mwambie.

Ukiruhusiwa kupanda, haya ameniambia mama mmoja aliyestaafu kazi ya uhudumu melini. Chumba kitakuwa kidogo kuliko unavyokiwazia, na kizuri zaidi. Usitandike kitanda wala usirudishe sahani jikoni, utawavurugia watu kazi. Beba vidonge vya kichefuchefu na viatu visivyoteleza, maana pwani mtashuka kwa vimashua. Binti utamwona zaidi akiwa na sinia kuliko akiwa amekaa, na mbele ya wageni atakuita kama anavyowaita wengine. Usinune. Na watu arobaini kwa siku sita hawakwepani: ukimkunjia mtu uso asubuhi, kufika mchana meli nzima imejua.

Kwa hiyo yule bibi usimkimbie. Usithubutu kumwonyesha kwamba ulishasikia habari zake, sukari wala shali. Nenda kwenye meza yake, jitambulishe kama mtu mgeni kabisa, sema wewe ndiye mama mzazi wa anayemhudumia, kisha umuulize yeye, binti yako akiwa kazini yukoje. Miaka yote hiyo yeye amekuwa akimwona, wewe ukihadithiwa. Msikilize mpaka amalize, wala usimsahihishe.