Kambale wa Baba Yako

Barabara ya Burrows,
North End, Winnipeg,
Manitoba.

14 Mei, 2014

Mpendwa mpwa wangu Darka,

Habari za huko Halifax? Hujambo wewe, mumeo Gordon hajambo, na Lida mdogo je, meno yametoka? Natumaini barua hii itawakuta wazima na miguu yenu mikavu, maana mama yako ananiambia mvua ya huko kwenu hainyeshi kutoka juu, inakuja kutoka ubavuni. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanung'unika nikipanda ngazi, lakini ukinitazama kwa mbali, jua likiwa nyuma yangu, utanipa miaka arobaini. Mama wa duka la mikate alinipa thelathini na nane, ila siku hiyo alikuwa hajavaa miwani.

Mama yako naye anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Anakula. Juzijuzi alikuwa ameanza tena kufungulia redio asubuhi. Nikipita nje ya dirisha lake nikaisikia, najua siku hiyo itakuwa na nafuu.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu najijua nayo. Nikiishika naanza kuongea, na nikianza kuongea naanza kunogesha. Kalamu inanipunguza kasi. Mtu aliyeacha shule darasa la nane hana nguvu za kunogesha kwa kalamu, anahangaika tu afike mwisho wa mstari.

Mwaka huu barafu ya mto ilichelewa sana kukatika. Nilikuwa darajani ilipoanza kutembea, vipande vikubwa kama makanisa, na juu ya kimoja kulikuwa na kiti, meza, na kikombe cha kahawa kinatoa mvuke. Sawa, kikombe hakikuwa kinatoa mvuke. Na meza haikuwepo. Lakini kiti kilikuwepo, Darka, cha bluu, muulize mtu yeyote.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku yetu ya mto. Watu wa mtaa walitoka na glavu, reki na magambuti, kama ulivyozoea kuwaona, wakazoa tope na takataka zilizoachwa na mafuriko. Tumetoa baiskeli mbili, mlango wa jokofu, na viroba vya mchanga hadi mgongo ukasahau kunyooka. Watoto walirusha vishada juu ya tuta. Msimu wa uvuvi nao ulifunguliwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo wazee walipanga ndoo zao ukingoni wakakaa kusubiri. Akina mama walikuwa katika chumba cha chini ya kanisa tangu alfajiri wakifunga viazi na jibini ndani ya vipande vya unga, varenyky za kuchemshwa. Mama yako alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka kwenda penye watu tangu tumzike baba yako Februari. Alifunga varenyky mia mbili bila kunyanyua uso, na wenzake wakamwacha hivyo hivyo, wakawa wanamsogezea unga tu.

Sasa Darka, nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku ya mazishi, tukivua makoti ukumbini, uliniuliza, “Mjomba, kwa nini baba aliacha kwenda mtoni?” Nikakujibu kwamba samaki walimwandikia barua wakimwomba awaonee huruma. Ulicheka kidogo, ukafuta macho, ukaenda kupokea watu. Jibu lile limenikaa kooni kama mfupa tangu siku hiyo. Wewe uliuliza swali la kweli. Nakujibu leo.

Benchi la Waongo unalikumbuka. Baada ya chakula, anayetaka anakaa pale nje ya klabu ya mtaa, anasimulia la kwake, na aliyedanganya vizuri kuliko wenzake anapewa yule samaki wa mti mwenye pua ndefu. Wewe ulikuwa unakaa chini kabisa mbele yangu, vidole vimejaa siagi. Na sheria yake ni moja, kwamba kila kisemwacho juu ya benchi ni uongo, na kesho yake hakuna kuulizana. Samaki yule nimemtwaa mara tisa. Hakuna mtu katika jiji hili aliyenikaribia. Mara saba zilikuwa halali yangu.

Ya nane ilikuwa mwaka 2005, wewe ukiwa chuoni na mitihani yako. Asubuhi ile mimi na baba yako tulifika mtoni kabla ya watu wote. Ukungu ulikuwa haujanyanyuka. Tukageuza ndoo zetu tukakaa, yeye kimya kama kawaida yake, mimi nikiongea kwa niaba ya wote wawili. Nilikuwa katikati ya ile hadithi yangu ya dubu, na mshipi wake ukavutwa.

Sitanogesha. Dakika arobaini. Fimbo ya kuvulia ilipinda hadi ncha ikagusa maji. Mimi nilitakiwa kushika wavu, nikateleza kwenye tope nikakaa mtoni hadi kifuani, wavu ukaenda zake. Baba yako akaingia majini na viatu vyake vya kanisani, akamkumbatia yule kambale kwa mikono miwili kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Mimi nimesimulia samaki wengi maishani mwangu. Yule alikuwa mkubwa kuliko hata niliowabuni.

Sheria ya mkoa wetu unaijua, kambale mkubwa anarudi majini. Kamera hatukuwa nayo. Baba yako akamlaza kwenye maji ya kina kifupi, akaweka fimbo yake ubavuni mwa samaki, kitako cha fimbo sawasawa na pua. Kwenye kisanduku chake cha ndoana kulikuwa na uzi mwekundu wa kudarizi, ule wa mama yako, aliowekewa wa kushikizia vifungo. Akaufunga kwenye fimbo pale mkia ulipoishia, akauzungusha mara nyingi, akaukata kwa meno. Kisha akafungua mikono. Kambale akakaa kidogo, kama haamini, halafu akaondoka.

Baba yako akaniuliza, “Nestor, umemwona?”

“Nimemwona, shemeji.”

“Basi wewe ndiye shahidi wangu. Saa ya chakula nitawaambia. Ila niache niseme mwenyewe. Tafadhali, usinisaidie.”

Miaka ishirini na tano ya ushemeji, na hilo ndilo jambo pekee alilowahi kuniomba. Asubuhi nzima, tukizoa takataka, nilimwona midomo inacheza. Alikuwa anajifunza maneno ya kusema.

Bado sijui ni shetani gani aliyeniingia. Ninachojua ni kwamba mwaka ule sikuwa na hadithi mpya. Ya dubu walikuwa wameichoka, na mzee Slavko alikuwa ameshawachekesha watu kwa habari ya mbu aliyeiba bata mzinga. Zamu yangu ikafika. Nikakaa kwenye benchi, watu wote wananitazama, mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni kambale wa baba yako. Nikamfanya wangu. Nikaongeza kwamba alinivuta hadi daraja la reli, kwamba alikuwa na masharubu meupe kama padri, kwamba tulipoagana alinipa mkono. Watu walilia kwa kicheko. Samaki wa mti akaletwa.

Baba yako alikuwa amesimama karibu na meza ya chakula, sahani mkononi. Nadhani alisubiri kelele zipungue. Kisha nikamsikia anamwambia Slavko, polepole, “Kusema kweli, yule kambale nilimvua mimi. Leo asubuhi.”

Slavko akapiga goti lake. “Haa! Na Myron naye! Jamani, hata Myron ameanza! Panda benchini, bwana, usituibie hadithi ukiwa chini!”

“Sio hadithi. Nestor alikuwepo.”

“Nestor!” wakaniita. “Eti ulikuwepo?”

Baba yako akanigeukia. Alinitazama bila hasira yoyote. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyebisha hodi na anajua mwenyeji yumo ndani. Neno moja lilitosha, Darka. Mimi nikanyanyua samaki wa mti juu ya kichwa changu, nikapiga kelele, “Mnaona, nimepata na mwanafunzi!”

Kicheko kikaanza upya. Baba yako akaweka sahani mezani, varenyky hazijaguswa, akaenda nyumbani kwa miguu. Mwaka uliofuata alisema mgongo unamuuma. Mwaka wa pili alisema mgongo. Majira manane ya kuchipua, na mgongo ule ulikuwa unabeba mbolea ya bustani ya mama yako kila Aprili. Hakunisema kwa mtu, na Krismasi alinikaribisha mezani kwake kama zamani. Angenitukana ningejua pa kushika. Kila nilipotaka kusema, nilijiambia bado kuna mwakani.

Jumamosi hii niliamua. Nikangoja watu wamalize kula. Na hapo, mwanangu, nikafanya kosa ambalo mtu mwenye akili timamu asingelifanya. Nilitaka wote wanisikie, na ninajua mahali pamoja tu ambapo watu hunisikiliza. Nikaenda nikakaa kwenye benchi.

Nikasema yote. Nikasema kambale alikuwa wa Myron. Nikataja wavu nilioupoteza, viatu vya kanisani, sahani iliyoachwa mezani. Sauti ilinikatika nikalia mbele ya watu, mimi, ambaye hata daktari aliponivunja kidole upya ili akinyooshe nilikuwa napiga mluzi. Nikadhani, basi, imeingia.

Slavko ndiye aliyeanza kupiga makofi. “Jamani, jamani! Mwaka huu ameweka na machozi!”

“Slavko, sifanyi mzaha.”

“Ndiyo utamu wake! Kaukaza uso vilevile! Nestor, wewe kiboko, nani atakuweza?”

Wakasimama wote. Nilivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kushangilia. Wakanipa samaki wa mti, Darka. Mara ya tisa. Kwa kusema kweli.

Mama yako alikuwa mlangoni, aproni imejaa unga. Hakucheka. Alikuja akasimama mbele ya benchi akasema, “Nestor, shuka.” Nikashuka.

Nikampeleka nyumbani kwa gari, nikazima injini mlangoni kwake. Ndipo akaniuliza, “Ni kweli?”

“Ni kweli, Stefka.”

“Niapie.”

“Naapa kwa kaburi la mama.”

“Kaburi la mama uliliapia habari ya dubu.”

Nikatafuta kitu kingine cha kuapia. Nimeketi kwenye gari lile, mwanaume wa miaka hamsini na nane, nikapekua kila kitu ninachokipenda, na hakuna hata kimoja ambacho sijawahi kukitumia. Mama yako akafungua mlango, akasema, “Mimi sina la kusema, Nestor. Miaka tisa nililala naye kitanda kimoja na hakuniambia. Ama ni uongo wako, ama alijua kwamba hata mimi ningecheka.” Akaingia ndani. Tangu hapo redio sijaisikia.

Usiku huo ndipo nilipokumbuka uzi. Na nikakumbuka pia kwamba fimbo ya baba yako uliichukua wewe baada ya mazishi.

Nakuomba kitu kimoja. Itoe fimbo kwenye mfuko wake. Kuanzia kitako uende juu, juu kabisa ya mahali pa kushikia, tafuta uzi mwekundu. Ukiukuta, chukua futi ya kupimia, pima kutoka kitako hadi kwenye uzi, kisha umpigie mama yako simu. Usinipigie mimi. Mwambie yeye ulichokiona kwa macho yako, na inchi ulizozihesabu kwa mkono wako. Wala usinitumie huo uzi, maana nikikaa nao wiki moja tu utaongezeka urefu.

Na usipoukuta, basi baba yako aliufungua mwenyewe, na mimi najua ni siku gani aliufungua. Hata hilo mwambie mama yako. Mwambie mjomba alisema hivyo.

Mwakani, kama Gordon atapata likizo na Lida ataweza kusafiri, njoo siku ya mto. Njoo na fimbo. Usikae kwenye benchi. Simama pale karibu na meza ya chakula, alipokuwa amesimama yeye, useme. Wewe wanakuamini, ulikuwa mtoto asiyejua hata kuficha kwamba amekula biskuti. Nitakuwa palepale pembeni, mdomo umefungwa. Sitakusaidia hata kwa neno moja.

Samaki wa mti nimemrudisha klabu, nimemwachia mlinzi. Alinicheka, akasema nitamfuata kabla ya Jumatatu.

Nisalimie Gordon, mbusu Lida mashavu yote mawili. Shangazi Olena wa kule Selkirk anakusalimu, na mzee Slavko pia, ambaye hana ubaya, alicheka alipotakiwa kucheka. Mungu awalinde huko kwenye bahari yenu, awape afya na majira mema ya kuchipua.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, ambaye kasoro ile meza na mvuke wa kahawa hajaongeza kitu,

Nestor Babiak