Gazeti la Wachuma Matufaha

Bonde la Yakima, Washington
14 Aprili 1985

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko Tangancícuaro? Miguu bado inavimba? Mimi mzima, nakula vizuri, na baridi imeanza kutuachia. Chole, mwenzangu ninayepanga naye chumba, anakusalimu sana.

Mama, kaa kwanza ndipo uendelee kusoma. Nimeacha kazi ya kufunga matufaha ghalani. Sikufukuzwa, nimeacha mwenyewe. Mwezi uliopita walinyunyiza dawa shambani, wakabandika onyo getini kwa Kiingereza kitupu. Watu wetu wakaingia kupogoa miti kama kawaida. Chole alirudi macho yamevimba, haoni hata mlango. Nikamuuliza, "Kwani hamkuambiwa?" Akanijibu, "Onyo lilikuwepo, shoga, ila halikuwa letu."

Bonde zima hili tumejaa Wameksiko, na hakuna karatasi hata moja inayosema nasi. Basi nimeianzisha mimi. Nimeliita gazeti langu El Surco, maana hakuna kati yetu asiyelijua tuta la shamba. Naandika mimi, Chole anatafuta matangazo madukani, tunaligawa wenyewe mlangoni mwa kanisa. Nimekuwekea toleo la kwanza humu. Usinikasirikie.

Mwanao,
Eréndira


Tangancícuaro, Michoacán
20 Mei 1985

Mwanangu Eréndira,

Marahaba. Miguu inavimba, ndiyo, na barua yako imeivimbisha zaidi.

Nilikaa na moshi wa kuchemsha corunda zangu za mahindi sokoni miaka yote ile ili wewe uwe mwalimu. Ukaenda kufunga matufaha, nikanyamaza. Leo unaniletea gazeti! Mwanamke huna mume, huna gari, unajiita mhariri. Nilimwonyesha Padre Anselmo, akavaa miwani, akasoma lote, akasema, "Doña Eulalia, binti huyu anaandika." Nikamwambia, "Padre, kwamba anaandika naona. Ninachouliza ni kama anakula."

Na ukurasa wa pili umekosea kuandika jina la mji wako mwenyewe. Umenitia aibu mbele ya padre.

Tuma la pili nione kama umejirekebisha.

Mama yako


Bonde la Yakima
9 Septemba 1987

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mvua haijaharibu paa. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayohangaika.

Mambo yalikuwa yamenyooka. Tumepata ofisi jirani na kinyozi, kurasa zimeongezeka, watu wanalingojea gazeti Ijumaa kama wanavyongojea mshahara. Kisha wanawake wa kambi moja ya wachumaji wakaja kuniambia watoto wao hawaponi matumbo. Nikaenda kuona. Kisima chao kiko mteremkoni, chini ya zizi la ng'ombe, Mama. Maji yananuka. Nikaandika, nikaweka na picha.

Mwenye kambi, Bwana Hollister, akazunguka duka kwa duka. Juma lile lile matangazo yakakatika yote. Aliyekuwa akituchapia akasema hatuchapii tena, hakunitazama hata usoni. Halafu Hollister mwenyewe akaja ofisini, mpole kama shemasi. "Binti, andika harusi, andika mpira. Tutaelewana."

Nilikuwa na chupa ya maji ya kisima kile mezani. Nikamjazia bilauri. "Karibu maji kwanza, Bwana Hollister, ndipo tuzungumze."

Akaitazama. Akavaa kofia yake, akatoka.

Kesho naanza kutafuta mtu mwingine wa kutuchapia. Niombee.

Mwanao,
Eréndira


Tangancícuaro
3 Desemba 1987

Eréndira mwanangu,

Salamu zangu zikukute hai, maana sijui tena niseme nini. Mbona kimya? Nimekwenda kupiga simu pale duka la dawa, inakatika tu. Jirani zangu wameanza kunisemesha taratibu, kama watu wasemavyo na mfiwa. Nimewafukuza.

Kama wamekufunga, niambie. Kama umeumwa, niambie. Kama umeshindwa, njoo nyumbani, kitanda chako kipo. Lakini kama hujashindwa, usije. Umenisikia? Usithubutu kurudi hapa kwa ajili ya huyo bwana aliyeogopa bilauri ya maji.

Mama yako asiyelala


Bonde la Yakima
6 Februari 1988

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Simu walikata, na kila tulichobaki nacho kilikwenda kwenye petroli. Mimi mzima. Sasa sikiliza.

Mchapaji tulimpata ng'ambo ya milima, karibu na bahari. Chole aliendesha kigari cha kaka yake katikati ya theluji, mimi nikishika mlango usifunguke. Matangazo hatukuwa nayo, basi nafasi zake nikaziacha nyeupe, tupu kabisa. Gazeti lilipotoka, wanawake wa ghalani wakaniuliza, "Hapa peupe palikuwa pa nani?" Nikawatajia duka moja baada ya jingine. Sikusema neno jingine, naapa. Wao wakaambiana. Jumamosi yake maduka yale yalikuwa kama makaburi.

Wa kwanza kurudi alikuwa muuza matairi. "Eréndira, nirudishe gazetini, tafadhali. Hata mke wangu hanipikii." Wengine wakamfuata.

Watu wa serikali wakaja, wakapima maji, wakakifunga kisima. Hollister akalazimishwa kuleta bomba. Siku lilipofunguliwa, kina mama wa kambi walinimwagia ndoo nzima kichwani, na nje theluji! Nilitetemeka, nikacheka, nikalia. Chole anasema nilipiga kelele kama jogoo.

Sijashindwa, Mama.

Mwanao,
Eréndira


Tangancícuaro
11 Juni 1996

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri wangu.

Nimesoma habari ya hiyo kampuni kubwa ya California inayotaka kulinunua gazeti lako na kukuachia kiti na cheo. Unaniuliza mimi, muuza corunda! Haya, nitakujibu. Hao watu wakija, mwanamke wa kambi akibisha hodi na mtoto mgonjwa, nani atamfungulia? Wana mtu huko California atakayesimama? Kama yupo, uza, upumzike, labda hata utaolewa. Kama hayupo, waambie asante, uwape kahawa, uwafungulie mlango.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Padre Anselmo anasema niongeze kwamba yeye bado anasoma kila toleo.

Mama yako


Bonde la Yakima
2 Machi 1998

Mama,

Shikamoo. Niliwapa kahawa, nikawafungulia mlango.

Na sasa nimenunua mtambo wa kuchapa. Wetu wenyewe, Mama! Umejaa jengo zima, na ukiwashwa sakafu inatetemeka mpaka duka la jirani. Hatutambembeleza mtu tena. Magazeti mengine mawili ya watu wetu yameomba tuwachapie.

Tunauzindua Mei. Viza yako imekubaliwa, tiketi iko humu. Usiniletee visingizio vya magoti.

Eréndira wako


Tangancícuaro
7 Juni 1998

Mwanangu mpenzi,

Nimefika salama, na natumaini nawe hujambo na umelala kidogo tangu nilipoondoka. Mwambie Chole kwamba kwa kupika hajambo, ila chumvi aipunguze.

Kuna jambo sikukusimulia nikiwa huko. Siku ya uzinduzi, ulipokuwa unahutubia, nilikuwa nyuma kabisa, mlangoni, kwa sababu ya joto. Watu walikuwa wamefurika mpaka barabarani, wengine na nguo zao za shamba. Ulipobonyeza kitufe na ule mngurumo ukaanza, karatasi zikaanza kuruka, mchumaji mmoja pembeni yangu alivua kofia kama yuko kanisani. Hakunijua mimi ni nani. Akaniinamia sikioni, akapaza sauti kuushinda mtambo:

"Mama, hivi mwenyewe ni nani? Ni yule mzungu mwenye tai?"

Nikamshika mkono, nikamnyooshea kidole mpaka akaona vizuri.

"Mwenyewe ni yule pale, mwenye wino mpaka viwikoni. Nimemzaa mimi."

Mama yako,
Eulalia