Pikipiki Inayomtaka Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Shajara, niwie radhi. Tangu Januari sijakufungua, na mtu aliyewafundisha wengine kuandika kila siku hana utetezi. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa safarini. Sikuwa na la kuandika, basi. Mstaafu huamka, husoma gazeti, husahihisha gazeti, hulala.

Leo ninalo. Nimenunua pikipiki!

Ni kuukuu. Iliundwa kabla sijaoa, nami nimeoa zamani. Nimeinunua kwa kinyozi aliyeiweka dukani kama pambo. Watoto walikuwa wakikalishwa juu yake ili watulie wanyolewe. Tangi jekundu, taa moja kubwa ya duara, kiti cha ngozi kilichopasuka kwa adabu. Kinyozi aliapa kwamba inawaka. Nilimuuliza iliwaka lini mara ya mwisho. Akasema nisiwe na wasiwasi.

Mke wangu aliizunguka, mikono kiunoni, akauliza itanipeleka wapi. Nikamjibu: darajani na kurudi, kila asubuhi, peke yangu. Peke yangu! Maana sebuleni kwetu yupo mama mkwe, tangu alipovunjika nyonga akahamia kwetu. Hukaa kwenye kiti cha dirishani na kutoa maoni. Nyonga imepona. Maoni hayajapungua.

— Mwalimu amenunua kitu cha kufia, alimwambia binti yake leo, kwa sauti iliyopimwa inifikie mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Haiwaki.

Nimepiga kiki mpaka goti langu likatoa sauti. Injini haikutoa.

Nikamwita fundi. Mtaani wanamwita Daktari, kwa kuwa huweka sikio kwenye injini na kufumba macho. Alifungua chujio la hewa akatoa nywele. Nywele za watoto, kiganja kizima, za kila namna! Akaziinua kwenye mwanga kama anayesoma picha ya mapafu.

— Mzee, hii mashine ina kiburi tu.

Nilimwambia mashine haina kiburi. Kiburi ni cha viumbe. Akasema sawa, basi ina kiburi cha kiumbe.

Amesafisha kabureta. Amebadilisha plagi. Ikakohoa, ikanyamaza. Mama mkwe, dirishani: hata yeye angekohoa kama angelishwa nywele.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ndefu. Nitajaribu kuieleza kwa utaratibu.

Daktari alikuja na nadharia mpya. Injini hizi za zamani, asema, zilizoea mzigo. Zikienda tupu zinaona haya. Nilimtaka airudie sentensi hiyo. Akairudia, bila haya.

Tukafunga gunia la mchanga kwenye kiti cha nyuma. Kimya. Tukamwita shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye mtaa mzima humwita Pipa naye huitika. Alipanda, springi zililia, injini haikulia. Mke wangu akavaa suruali yangu ya bustani, akapanda kwa kutanua miguu kama askari wa farasi. Kimya. Pipa akacheka mpaka akashikilia ukuta. Mke wangu akamwuliza anacheka nini, na gunia limempita kwa umbo.

Ndipo mama mkwe akatoka kuja kuitazama aibu yangu kwa karibu. Hiyo peke yake ni habari. Tangu ahamie kwetu hatoki. Hukataa gari la Pipa, hukataa mkongojo, hukataa mkono wa binti yake. "Mimi si gunia la kubebwa." Hiyo ndiyo kauli yake, na haina rufaa. Leo alitoka kwa miguu yake, akasimama, akatusema mmoja mmoja, akachoka. Akatafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti. Akakaa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, upande, miguu yote miwili ikining'inia kushoto, kama mtu aliye barazani kwake.

Daktari, ili atuonyeshe tu kwamba hakuna matumaini, akapiga kiki ya mwisho.

Ikawaka!

Iliunguruma mpaka kuku wa jirani wakahama ua. Sote tuliduwaa isipokuwa mama mkwe. Aliligeukia gunia la mchanga lililolala chini.

— Limeshindwa, akasema. Haya, twende.

Jumapili, 8 Juni

Ninaandika haya nikiwa na akili timamu. Asubuhi tumejaribu upya. Akishuka, inazima. Akikaa, inawaka. Pipa akikaa, kimya. Mama, inawaka. Daktari anatikisa kichwa na kusema hajawahi kuona ugonjwa wa aina hii, halafu anatabasamu kama aliyeuzalisha yeye.

Lipo pia tatizo la heshima. Mtu na mama mkwe wake hawashikani. Miaka yote nimemwamkia kwa umbali unaostahili. Sasa atashika wapi? Alitafakari, kisha akaushika mkanda wangu kwa vidole viwili, kama anayeshika panya mkia. Tukazunguka mtaa. Kwenye tuta alirushwa juu kidogo, injini ikakata, akatua, ikarudi.

— Umeona? akanipigia kelele sikioni. Inajua nikiondoka!

Jumatano, 11 Juni

Nimefika darajani na kurudi. Si peke yangu.

Amegundua kwamba akijiinua kidogo tu, injini hufa. Sasa ndivyo anavyojadiliana. Nikikataa njia anayoitaka, hujiinua. Leo tulisimama katikati ya barabara, malori yakipiga honi nyuma yetu, yeye hewani, mimi nimeshika usukani, hadi nilipokubali. Mkanda ameuacha, anashika kola. Akivuta kushoto, ninakata kushoto. Siendeshi. Ninaendeshwa.

Alinipeleka kwa mdogo wake ng'ambo ya mto. Hawakuwa wameonana tangu nyonga ile. Nilidhani watalia, nikajiandaa kutazama pembeni. Mdogo mtu alitoka mlangoni, akaikagua helmeti kichwani mwa mama mkwe.

— Dada, umevaa sufuria gani hiyo?

— Ile uliyoniibia. Nimeikuta.

Wakagombana tangu chai hadi alasiri, wameshikana mikono muda wote. Mimi nilikaa pembeni na gazeti lao. Lilikuwa na makosa mengi kuliko letu.

Tulipokuwa tukirudi nilisikia mlio mwembamba nyuma yangu. Nilidhani ni mnyororo, nikasimama niukague. Mnyororo ulikuwa salama. Alikuwa akiimba.

Ijumaa, 13 Juni

Jirani mwenye pampu ya maji alibisha hodi. Pampu yake imegoma. Nikainuka kumletea spana. Hakutaka spana. Alitaka, kwa heshima zote, kuazimwa mama mkwe.

Nilimweleza kwamba binadamu haazimwi. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshavaa viatu.

Wakamkalisha kando ya pampu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Jirani akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Ikawaka! Watu wakapiga makofi. Mimi niliona, kwa macho yangu haya, mke wa jirani akiinama katikati ya mivuto hiyo na kufungua bomba la petroli ambalo mumewe alilisahau. Sikusema. Hakuna aliyeniuliza.

Mtaa umeshampa jina: Bibi Plagi. Analikemea huku akitabasamu. Na jioni Daktari alikuja, amechana nywele, akamwomba awe anakaa gerejini kwake baadhi ya siku, kwa faida ya injini sugu.

— Kiti chako kitakuwa na mto, Mama.

— Mto wa nini? Mimi ni mgonjwa?

Akaahidi kufikiria. Alipomaliza kufikiria Daktari alikuwa bado hajafika getini.

Jumanne, 17 Juni

Nimejua.

Mke wangu alikuwa sokoni, mama mkwe kazini kwake gerejini, hatua chache kutoka kwetu, aendako kwa miguu. Nilikuwa uani na kikombe cha chai, nikijiuliza: je, kila mmoja wetu alikaa vipi? Gunia lilifungwa katikati. Pipa, mke wangu, wote walitanua miguu. Yeye peke yake hukaa upande, kama wanawake wa rika lake walivyofunzwa.

Nikaisimamisha pikipiki kwenye stendi. Nikapanda nyuma. Upande. Miguu pamoja, magoti pamoja, uzito wote ukingo wa kushoto. Nikainama, nikaisukuma kiki kwa mkono.

Ikawaka!

Wakati huohuo mke wangu akaingia getini na kapu lake. Akanikuta nimejikalia nyuma ya pikipiki isiyo na dereva, injini inanguruma, mikono yangu mapajani.

— Safari njema, bibie, akasema, akapita jikoni.

Baadaye nikakifungua kiti. Chini yake, ukingoni kushoto, pana waya wa umeme uliolegea. Nati yake ilianguka zamani. Kiti kikilemewa upande huo, waya hugusa chuma na umeme hupita. Kisipolemewa, haupiti. Basi. Hakuna haya, hakuna baraka, hakuna kiburi cha kiumbe. Nati moja!

Alhamisi, 19 Juni

Sandukuni nilipata nati inayoingia sawasawa. Sikuifunga. Niliubana waya kwa kibanio cha nguo, nikasubiri mama mkwe aende gerejini, nikatoka.

Peke yangu. Upepo. Hakuna aliyenivuta kola. Nilikata kushoto kwa hiari yangu, nikakata kulia bila sababu yoyote. Darajani nilizima injini, nikatazama maji kwa muda nilioutaka mimi. Hakuna aliyesema lolote kuhusu mgongo wangu, wala kofia yangu, wala namna nilivyomlea mtu yeyote. Ilikuwa kila kitu nilichokitamani tangu nistaafu. Siwezi kulikana hilo. Uongo sijauandika humu.

Niliporudi nilikitoa kibanio. Mke wangu alikuwa akianika nguo. Alininyoshea mkono bila kugeuka, nikamkabidhi.

Nilimwambia yote. Nikasema nitaifunga nati, na mama ataendelea kupanda kama kawaida. Nitampeleka kwa mdogo wake kila atakapo. Nini kitabadilika?

— Atapanda ili atembezwe? Mama yangu huyu? Kaka amembembeleza na gari mpaka ametoa jasho. Mama hapandi kwa ajili ya kutembea. Anapanda kwa sababu haiendi bila yeye.

Akalibana shati langu kambani, akaongeza:

— Siku itakayokwenda bila yeye, atarudi dirishani na hatatoka tena. Nati ni yako, ifunge ukitaka. Ila utakayemwambia ni wewe. Mimi simo.

Nimeitia nati mfukoni. Chakula cha jioni mama mkwe alikula mara mbili, akatueleza namna alivyoliwasha lori.

Jumamosi, 21 Juni

Ninaandika asubuhi, kwa haraka.

Daktari amefika na turubai na spana zote alizo nazo. Ameamua kuifungua injini nzima, aitoe kila kiungo, aione siri ya Mama kwa macho. Ameshalitandaza turubai uani. Mama mkwe naye yuko tayari kwa safari. Leo yeye na mdogo wake wanagawana vyombo vya marehemu mama yao, na ugomvi huo wameusubiri wiki nzima kwa hamu. Ana helmeti kichwani. Amekaa pale nyuma, upande, mkoba mapajani.

Alimzuia Daktari kwa kidole kimoja. Kisha akaniita. Nilisogea, kwa umbali unaostahili.

— Mwalimu. Nimekusema miaka yote. Nimesema mwendo wako, nimesema chai yako, nimesema ulivyomposa binti yangu kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Lakini kwa uongo sijakusema. Huna. Kwa hiyo nakuuliza wewe, siyo huyu anayesikiliza vyuma.

Daktari akatazama viatu vyake.

— Juzi niliona kiti kimefunguliwa. Niambie. Imepona? Au bado inanihitaji?

Hakuuliza kwa ukali. Angeuliza kwa ukali ningejua la kufanya. Mke wangu alikuwa dirishani, kwenye kile kiti cha mama yake, akitutazama bila kunisaidia hata kwa kope.

Nikasema: Ngoja, Mama, nikachukue miwani.

Nilikuwa nimeivaa. Wote waliiona.

Sasa nipo mezani, mlango nimeufunga. Nati nimeiweka juu ya ukurasa huu; imeacha duara la grisi pambizoni. Swali ni fupi. Lina jibu moja la kweli, na tangu nikae hapa nimelitafutia la pili. Lisilo uongo. Lisilo kiti cha dirishani. Nimeanza sentensi nne kichwani, na zote nimezifuta kabla ya kituo.

Nasikia Daktari akiuliza aanze au asianze. Nasikia mama mkwe akimwambia atulie, Mwalimu hana haraka, hata kuoa hakuwa na haraka.

Ananiita tena. Natoka. Nikishajua nimemjibu nini, nitaandika.