Jina la Matal Halimo Ukutani

Kantoni ya Xepatuj,
Quiché, Guatemala.
5 Novemba 2009.

Mpendwa mwanangu Talin,

Hujambo huko Houston? Wanao hawajambo? Mimi magoti yananisumbua, ila ulimi ni mzima, kama watu wa kanisani watakavyokuambia.

Nina hasira, nisikufiche. Wamechonga ukutani mwa kanisa majina ya makatekista, walimu wetu wa dini, waliouawa na jeshi. Wanaume saba. Mama yako mzazi hayumo.

Ulikuwa mchanga, kwa hiyo hujui. Wakati wa vita, mapadri walipolikimbia jeshi, dada yangu Matal, mama yako, ndiye aliyevuka mlima kutuletea Ekaristi, ameificha chini ya totiya, mikate yetu ya mahindi, kikapuni. Mwaka mzima tulikomunika kwa miguu yake.

Siku ile askari waliwalazimisha wanaume wa doria ya kijiji, majirani zetu wenyewe, wampekue njiani. Kikapu kilipomwagwa, alizikusanya hostia za Ekaristi akazitia kinywani zisikanyagwe. Askari akampiga kwa kitako cha bunduki, meno yakang'oka. Akazimeza zote, pamoja na damu yake. Kisha askari yule akaamuru mmoja wa wale majirani amkate kwa panga. Nilikuwa nimejificha shambani, mahindi yaliniziba, sikuona nani alikata. Nilikuwa nimekubeba mgongoni, nikashindwa hata kulia, nisije nikakuamsha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilipolalamika, Don Tol, mwenyekiti wa kanisa, alinijibu, "Dada Ana, yule alikuwa mbeba totiya tu. Hakuwa na kadi ya ukatekista."

"Na Bikira Maria alikuwa nayo?" nikamuuliza.

Jumatatu, Siku ya Marehemu, majina yalisomwa, na kila jina watu wakaitikia, "Yupo!" La saba lilipokwisha nikasimama. "Matal Tzoy!"

Nikaita tena. Wanawake wote wakaitikia, "Yupo!"

"Kaeni chini, nyie!" Don Tol akafoka.

Tukaita mara ya tatu. Don Tol akaanguka kwa magoti mbele ya altare, analia kama aliyefiwa. "Yupo," akasema. "Panga lilikuwa langu. Ningekataa, wangeniua."

Sasa anaomba alichonge jina lile yeye mwenyewe. Nilimtemea mate. Lakini wewe ndiwe mwanawe, Talin, na mafundi wananingoja. Mkono ule uliguse jina la mama yako, au usiliguse? Niandikie.

Mjomba Xwan na shangazi Wel wanakusalimu sana. Mungu akulinde huko ugenini, wewe na wanao.

Mimi mama yako mdogo, ninayekupenda kama niliyekuzaa,

Ana Tzoy