Mita Mbili na Maiki Inayong'ata

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimeua mita yangu ya kupimia umeme. Mimi mwenyewe, mchana kweupe. Jumamosi nilipima chaji ya betri, waya mwekundu nikauacha kwenye tundu la ampea. Leo nikachomeka ncha kwenye soketi ya ukutani bila kuangalia — pa! Moshi. Mama wa genge la jirani akapiga kelele kuuliza kama naunguza maharage.

Na ilivyo bahati yangu, mezani kuna amplifaya ya kwaya. Ndimyake, mwalimu wa kwaya, aliileta kwa sababu maiki inang'ata. Yaani ukiigusa na mdomo inakurusha. Dada mmoja wa sauti ya kwanza aliitupa chini katikati ya pambio, watu wakadhani amepandwa na roho. Nimefungua, nimekuta panya wametafuna waya wa umeme pale unapoingilia kwenye bati. Nimeweka mpya. Sasa kabla sijarudisha lazima nipime lile bati la nje, nijue kama bado lina umeme au limepona.

Nipime na nini? Macho?

Abeli karudi kutoka shambani kwenye trekta lake la majani ya chai, nimemweleza. Kasema ninunue nyingine, mita si mita? Mume wangu huyu! Kwake hata sabuni zote ni sabuni.

Jumanne, 5 Machi 2024

Nimeshinda dukani kwa Godwin, pale karibu na stendi. Nimetoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Kuna ya njano, kuna nyekundu, kuna nyeusi yenye mpira. Moja imeandikwa volti mia sita, nyingine elfu moja, na ukiishika ile ya elfu moja ni nyepesi mithili ya kiberiti kitupu! Godwin akasema ya njano inajichagulia yenyewe, wewe unaweka tu, "inajiseti, sista, kinoma." Jamaa mmoja aliyekuja kununua taa akadakia: hizo za kujichagulia ni za wavivu. Mwingine akasema angalia fyuzi ndani. Fyuzi ipi? Godwin hakubali kuzifungua.

Kisha akaniuliza swali la maana kabisa: unapimia nini?

Miaka yote hii ya ufundi, sikuwahi kujiuliza! Napimia kila kitu. Redio, TV, betri za sola, chaja, na sasa bati la amplifaya ambalo watu watalishika wakiwa peku kwenye sakafu ya saruji.

Kaniazima ya njano nikaijaribu. Nikiipenda nitalipa, nikiichoma pia nitalipa. Haya.

Alhamisi, 7 Machi 2024

Ya ajabu. Mama mkwe kaja kutoka Lufingo asubuhi, kabeba ndizi na kitu kizito kimefungwa kwenye kitenge. Nikadhani ni pasi ya mkaa. Nafungua — mita ya Mzee!

Ile yenyewe. Sanduku la ngozi, kioo, mshale. Aliitumia miaka yake yote ya fundi umeme kwenye kiwanda cha chai, na alipostaafu akaendelea kuitwa nayo nyumba kwa nyumba. Abeli anasema utotoni walichapwa kwa kuisogelea tu.

Mzee, yaani baba mkwe. Jina lake silitaji, hata hapa ambapo hakuna anayesoma kalamu imekataa. Wenzangu wengi wa hapa mjini wameacha mambo haya, wanakula meza moja na wakwe zao. Kwao Lufingo bado yapo. Akija kwetu, mimi napita mlango wa nyuma. Tukikutana njiani naingia migombani hadi apite. Tangu niolewe sijawahi kumwamkia, na yeye hajawahi kuniambia neno. Akitaka kusema, anamwambia mama au Abeli, ndipo linanifikia mimi. Sichukii. Ni heshima, na nimeizoea. Lakini leo nilitamani kumuuliza swali moja tu la kifundi!

Nikamuuliza mama. Hii ni zawadi? Nimeazimwa? Au nimeambiwa kwamba mita za kisasa ni takataka? Mama akajibu, "Mimi najua bwana? Baba yako kasema, mpelekee. Nimeleta." Halafu akaomba chai.

Bila shaka Abeli ndiye aliyempigia simu akamwambia nimechoma mita. Nimemnunia. Sasa Mzee anajua mkwewe hajui hata kuhamisha waya.

Jumamosi, 9 Machi 2024

Nimezijaribu zote mbili. Laiti nisingezijaribu!

Betri ya redio: zinakubaliana. Soketi ya ukutani: zinapishana kidogo sana, si neno. Nikasema afadhali, basi zote nzima. Nikaja kwenye bati la amplifaya. Ncha moja kwenye bati, nyingine kwenye waya wa ardhini. Ya njano ikasema themanini na kitu. Volti themanini! Nikaruka nyuma. Nikaweka ya Mzee palepale: mshale umelala. Nikarudia. Ile themanini, hii imelala. Nikabadilisha plagi, nikafuta ncha, nikaomba Mungu. Vilevile.

Sasa nani mwongo? Ya njano ikiwa mkweli, sijatengeneza kitu, na Pasaka watu wa sauti ya kwanza watarushwa mbele ya mchungaji. Mshale ukiwa mkweli, amplifaya imepona na mimi naisingizia. Kuigusa kwa mkono siwezi. Nilisogeza kidole mara mbili, kikarudi chenyewe.

Godwin kwenye simu anasema mita ya mzee imezeeka, mshale hauna nguvu ya kunyanyuka. Lakini kwenye soketi ulinyanyuka vizuri! Akasema basi hajui.

Nikamshika Abeli, nikamwambia mpigie baba yako muulize. Nikakaa chumba cha pili kusikiliza. Akaeleza vizuri, akasikiliza, akakata. Nini? Kasema nini? "Kauliza wewe unauona mshale umesimama wapi." Nikamwambia si umemwambia umelala? Kasema amemwambia, naye akauliza tena vilevile, wewe unauona wapi, umelala kabisa au umenyanyuka kidogo. Ndipo Abeli akacheka, eti mzee anakupima wewe, si amplifaya.

Basi ni mtihani. Sawa. Kama ni mtihani, nimeshafeli.

Jumapili, 10 Machi 2024

Kwaya imeimba bila vyombo. Ndimyake aliniangalia tangu sala ya kwanza hadi matangazo. Nje akanishika mkono, dada Vaileth, lini? Nikamwambia bado naipima. "Tangu Jumatatu?"

Uongo siwezi, na ukweli siujui.

Jumanne, 12 Machi 2024

Nimeamua. Naichukua ya njano, namlipa Godwin, mita ya Mzee narudisha. Fundi mmoja hawezi kutumikia mita mbili zinazogombana.

Nikampigia mama mkwe kwa adabu zote. Nikasema nashukuru sana, ndaga fijo, ila kitu kile ni cha thamani mno kukaa kibandani, unyevu huu wa Tukuyu utakiharibu, nitamtuma Abeli akirudishe. Nikaita halo, halo. Nikadhani mtandao. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, usiirudishe." Kwa nini, mama? "We usiirudishe tu." Akakata! Mama mkwe wangu ambaye kuagana naye kwenye simu huchukua robo ya siku.

Abeli naye: ukirudisha, umemkataa yeye. Usiporudisha, itumie.

Nikiitumia, sijui kama inanidanganya. Nikiiacha kabatini, atasikia. Nikirudisha, nimevunja kitu ambacho hata sijui ni kitu gani. Kwa hiyo sijaamua. Nafuta hapo juu.

Jumatano, 13 Machi 2024

Naandika yeye yuko nje.

Mvua imeshika tangu saa nne, barabara ya Makandana haina hata mbwa. Bodaboda ikasimama hapa mbele. Akashuka mtu, koti refu, buti za mpira, mwavuli. Nikajua kabla hajageuka: Mzee! Nikatafuta mlango wa nyuma, kibanda hakina mlango wa nyuma! Nikajibana nyuma ya jokofu la mteja, kitenge kichwani.

Hakuingia. Alipapasa benchi la barazani kwa mkono kwanza, halafu ndipo akakaa. Mgongo amenipa mimi, uso ameupa mvua. Mama wa genge hayupo, Abeli yuko shambani. Hakuna mtu wa kati. Nikawaza, atakaa tu, mvua ikiisha ataondoka, nami nitakuwa nimeganda hapa nyuma ya jokofu.

Akakohoa. Akaiambia nguzo ya baraza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anasalimia jirani, "Nguzo, ugonile."

Nami nikavuta kitenge hadi machoni.

"Nguzo, mwambie fundi wa humo. Bati la ile mashine, apime tena kwa mita yangu. Mimi nipo, sina halaka."

Nikatoka nyuma ya jokofu nimeinama. Nikachomeka amplifaya. Ncha moja kwenye bati, nyingine ardhini. Nadhani alisikia nilipobonyeza swichi, maana aliinua kichwa.

"Nguzo, muulize, mshale umelala kabisa? Au umenyanyuka kidogo, unene wa ukucha? Kama umelala kabisa, ile mita mpya inanusa tu umeme wa waya wa jilani, usio na nguvu, mashine nzima, awape watu wa kwaya. Kama umenyanyuka, asiwape."

Nikauangalia mshale. Nilisikia hasira, ndiyo, hasira. Mtihani mpaka kazini kwangu! Kwa nini asigeuke aangalie mwenyewe, kisha anisahau, kama migombani?

Mvua ikapiga bati la juu. Halafu akasema tena, chini zaidi, nikalazimika kusogea mlangoni kumsikia.

"Nguzo, mwambie mimi mshale siuoni. Tangu mavuno ya mahalage. Naona weupe tu. Wanakuja kuniita majilani, nawaambia mita imehalibika. Sasa nimeitoa nyumbani, sidanganyi tena, si haipo? Mama Abeli anajua. Watoto hawajui."

Nimekaa chini. Nimekaa sakafuni na zile ncha mkononi.

Ningemrudishia! Ningemtuma Abeli aiweke mezani mbele yake, na majirani wangekuja kumwita, naye angesemaje? Mama aliniambia nisirudishe, mimi nikadhani ni adabu. Machozi yamenitoka, nimeyafuta na kitenge chenye risasi ya kuchomelea.

Mshale unaonekana. Niko karibu, naona umelala kabisa. Sentensi moja tu, ya watu wawili wenye kazi moja. Lakini sauti yangu haijawahi kumfikia masikioni. Nikisema, ni mimi niliyeivunja heshima, na Lufingo nzima itajua mke wa Abeli alimjibu mkwewe mdomo kwa mdomo. Nisiposema, atadhani nami siuoni, au nimemdharau. Nimegonga meza kwa bisibisi mara moja. Alishtuka. Kugonga ni umelala, au ni umenyanyuka? Pumbavu mimi, hata hatukupatana!

Mvua inapungua. Ng'ambo nasikia mlango wa genge unafunguliwa, watu wataanza kupita, watamkuta anazungumza na mti.

Bado amekaa. Ameondoa kofia, ameiweka gotini. Ameuliza tena, umelala kabisa? Safari hii hakuitaja nguzo. Na nimeshavuta pumzi, mdomo uko wazi —