Wamenipima presha kwenye hitma ya Mejumaa

Tsofa, simu hupokei. Basi soma.

Leo wamenipima presha kwenye hitma ya mke wangu!

Kikundi cha afya cha hapa kijijini, kina Kadzo, waliomba waje na mashine maana watu watakuwa wengi. Nikakubali. Presha imemuua Mejumaa, nikasema wapimwe angalau waliobaki.

Kadzo akanifunga mkono. Akapima, akapima tena, akabaki kuitazama mashine. Nikamwambia, "Sema mwanangu, mimi habari mbaya nimeshazizoea." Akamwita afisa waliyekuja naye kutoka zahanati.

Afisa anatafuna huku anasoma mashine. Akaniambia, "Mzee, hii iko juu sana. Mwambie mama apunguze chumvi kwenye mboga."

Mwambie mama! Tsofa, mwambie mama!

Kadzo akainamisha uso. Kumbe bwana mkubwa anakula tu, hata hajui amekuja hitma ya nani.

Nikamwomba dawa. "Zimekwisha mzee, tunangojea zije."

Ndiyo maneno aliyoambiwa Mejumaa, naye akangojea mpaka tukamzika. Wakubwa wanatuletea mashine ya kutuambia tunakufa, basi.

Kadzo anasema atapita kunipima kila Ijumaa. Mtoto mzuri yule, lakini akishapima anipe nini?

Jicho la kushoto lina ukungu tangu juzi. Sikumwambia. Ungekuwa wewe, ungemwambia ili iweje?